Sinia la Ndekusara

Swali la kwanza katika fomu: Leo ni siku gani?
"Siku ya Kiboriloni," akanijibu,
akinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mvua.
Dirishani, kina mama walikuwa wakiteremka kutoka Kidia,
mikungu kichwani, kanga zimeloa umande hadi magotini.
Kweli ilikuwa siku ya soko.
Lakini fomu ilitaka Jumamosi.
Nikaandika sifuri,
na kalamu ikaona haya kabla yangu.

Wiki kumi na nne, mara mbili kwa wiki,
ukumbi wa usharika, viti vya plastiki, chai ya maziwa kwenye chupa,
wazee wanane na wanaowalea.
Mwongozo ulitujia kutoka nchi ya baridi.
Ukurasa wa sita: picha ya mtu wa theluji. Waulize wanakumbuka nini.
Mzee Eliapenda akaigeuza, akairudisha.
"Huyu hatumjui. Theluji yetu inakaa kule juu,
haishuki kututembelea na pua ya karoti."
Tukacheka, chai ikamwagika juu ya mwongozo.
Usiku ule Daktari Kiwelu aliufuta ukurasa wa sita,
akauliza upya:
mikono ya watu hawa ilikuwa ikifanya nini?

Mikono ya Ndekusara, miaka ishirini na tisa,
ilikuwa mezani kiwandani, mjini Moshi,
ikichambua buni.

Tukamletea sinia la bati, tukamwaga kilo moja,
nzuri na mbovu pamoja.
Alikaa kimya.
Jina la mkwewe lilikwisha kumtoka, na mlango wa choo,
na kwamba mumewe yuko chini ya migomba, pale penye masale:
kila asubuhi humuulizia,
kila asubuhi inabidi azikwe upya.

Kisha vidole vikaanza.
Vidole havikuuliza huu ni mwaka gani.
Nyeusi huku. Iliyotobolewa na mdudu kule.
Iliyovunjika, chini, bila hata kuitazama.
Nikatia mkono nimsaidie. Akaupiga kofi.
"Binti, hii mbovu unaichanganya na nzuri.
Nani anakulipa wewe?"
Ningemjibu: mfadhili, hadi Juni.

Haikaeli, mkwewe, alisimama mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe.
Majirani walikwisha kumwambia: karogwa huyo, mfungie ndani.
Hakuutua mzigo.
"Kumbe bado yumo," akasema.

Hatukuponya. Niliandike hili waziwazi.
Usahaulifu unateremka kama maji ya mfongo,
haugeuzwi ukarudi chanzoni.
Sisi tulisogeza jiwe moja tu,
maji yapite shambani kwanza
kabla ya kwenda yaendako.

Alama zake zilipanda mbili na nusu.
"Ni kidogo," alisema Kiwelu, akivua miwani, "lakini si bahati nasibu."
Fomu haina kisanduku cha: amelala usiku kucha, mara nne.
Haina kisanduku cha: amemkaripia mtafiti.
Haina cha Haikaeli, aliyeanza tena kuimba jikoni,
vibaya, nusu ubeti.
Hayo niliyaandika pembeni, kwa penseli,
pale karatasi hukatwa wakati wa kujalidi.

Juni ikaja. Ripoti, mihuri, orodha ya vifaa
vya kurudishwa ofisini: chupa mbili, redio moja,
sinia moja la bati.

Nilimkuta barazani, sinia mapajani,
mjukuu kaketi miguuni pake akifundishwa mbovu na nzuri,
akikosea, akichapwa kofi jepesi la mkono.
"Leo ni siku gani?" Ndekusara akaniuliza.
Nikatoa simu nitazame.
Wakanicheka, wote wawili.

Ofisini, mbele ya neno sinia,
kwenye safu ya maelezo,
nikaandika: nimelisahau.