Thelathini na Sita

Zamani nilikwenda harusini na rola tano
zimelala kwenye sanduku la barafu, baina ya laban na ndimu,
maana Ibra mwezi wa sita jua halina haya,
huingia hata ndani ya kopo la filamu likaozesha rangi.
Kila rola thelathini na sita.
Nikibonyeza, nimebonyeza: pesa imeliwa.
Kwa hiyo nilitazama kwanza. Nilitazama sana.
Nilimjua shangazi anayefumba macho kabla ya mwanga,
nikamhadaa kwa kuhesabu moja, mbili, na kupiga kabla ya tatu.

Wanaume hawaingii ukumbi wa wanawake,
ndipo mimi, Ghaniya binti Muhenna, nikapata kula.
Lakini filamu haijioshi.
Alfajiri nateremka Ruwi kwa Varghese,
mtu wa Kerala, vidole kahawia kwa dawa.
Huyo peke yake, asiye maharimu wa yeyote,
aliwaona mabibi harusi wetu vichwa wazi.
Aliwaona kinyume: meno meusi, mboni nyeupe,
nyuso za buluu kama za waliozama.
"Simjui hata mmoja," aliniambia kwa Kiarabu chake cha dukani,
"sokoni watanipita, nami sitageuka."
Nilisimama nyuma ya mashine mpaka ukanda ukauke.
Nikahesabu.
Zilizoharibika alizikata kwa mkasi mbele yangu.
Kisha bahasha, gundi, jina la mama mwenye harusi,
nikarudi nayo njia yote ya milima
nimeikumbatia kama mtoto wa watu.
Mama hakuuliza kama zimependeza.
Aliuliza: "Zimetimia?"

Siku hizi nina kadi, ndogo kama ukucha.
Varghese alikunja virago akaenda kwao;
pale pake panauzwa vifuniko vya simu.
Simhitaji mwanamume yeyote. Hilo nalishukuru, nisiseme uongo.
Nachagua, nasafisha, nachapa, peke yangu,
mlango umefungwa, kiyoyozi kinanguruma, nimejifunga kanga.
Lakini bibi harusi hangoji hata nishushe mkono.
"Nioneshe."
Namuonesha.
"Futa."
Nafuta.
"Hii iache, ila pua ipunguze."
Pua!
Pua ya ukoo mzima, iliyokwenda Pemba ikazaa huko, ikarudi vilevile.
Anataka picha mia nane, kesho, kabla ya adhuhuri,
na kuna binamu yake mwenye kamera kubwa kuliko yangu
anayepiga kwa riyali hamsini na sahani ya wali.
Nabonyeza, nabonyeza, kama mtu anayefukuza nzi.
Shangazi akifumba macho, si kitu, zipo nyingine kumi na moja.

Mlangoni pana kikapu cha simu za wageni,
zinalia humo kama vifaranga.
Mama, mtu wa kale kidogo, ananivuta pembeni:
"Bahasha iko wapi?"
Hakuna bahasha, mama. Zilizobaki nimezifuta.
"Nitajuaje?"
Nimuoneshe nini? Utupu?
Nikala kiapo, na ulimini mwangu kiapo kikawa chepesi
kuliko karatasi na gundi.

Juzi alikuja Thuwaiba, harusi ya mwaka themanini na saba.
Wadi uliingia nyumbani ukala albamu yote;
umebaki ukanda mmoja, ulikuwa kasha la dhahabu.
Nimchapie namba kumi na tisa.
Tukauinua dirishani, vichwa vimegusana.
Yule msichana, ambaye nywele zake nazikumbuka nyeusi ti,
kwenye ukanda zilikuwa rangi ya chungwa,
rangi ya hina iliyopakwa juu ya mvi.
Thuwaiba akausukuma ushungi wake nyuma.
Rangi ileile.
"Kumbe siku ile," akasema, "ulinipiga nilivyo leo."

Nikamtoza riyali mbili.
Akahesabu fremu kwa kidole: nne.
Akaziviringisha ndani ya leso, akaondoka nazo.