Zamu ya Saa Kumi

Natalia ameandika kutoka Minesota:
mwanawe kapewa zoezi, achore mti wa ukoo.
Kuna visanduku: baba, babu, baba wa babu,
na ubavuni mwa kila mume kisanduku kimoja cha mke.
Mama, nijazie. Mwisho Ijumaa.

Basi nikapanda Kidia na koti la mvua.
Aikaeli, katibu wa usharika, alihangaika na funguo,
kitabu kikatoka kabatini kinanuka panya.
Mwandiko wa Wajerumani umelala upande mmoja
kama mahindi baada ya upepo.
Filipo, zamani Kisarika. Mke: Eliseba. Watoto: wanne.
Nikahesabu tena. Wanne.
Babu yangu hayumo.

Aikaeli akakivuta kitabu dirishani.
Juu ya Eliseba kuna jina limekatwa,
si kwa hasira. Kwa rula.
Enzi hizo, akasema, ukitaka ubatizo
ulikwenda na mke mmoja. Yule mwingine
(akafuta miwani kwa kanga) yule mwingine
alibaki nyumbani anasikia kengele.

Nyumbani tulimwita Makimaro tu,
yaani binti wa kina Kimaro,
kama gunia lililoandikwa lilikotoka.

Nikateremkia kihambani.
Masale yamesimama safu mbili, si moja,
katikati uchochoro ambao baba wadogo wanaunung'unikia:
migomba mitatu ingekaa hapo.
Na mfongo, hadi leo, huja alfajiri kwa nyumba ya juu,
saa kumi jioni kwa nyumba ya chini,
na chini hakuna nyumba.
Kuna mibuni mizee
na jiwe la kusagia limelala kifudifudi.

Nani aliidai zamu hiyo?
Nani alisimama mbele ya wanaume wa mfongo,
babu yangu mgongoni, akasema:
kanisani mmenifuta, majini hamnifuti?

Sijui. Labda hakusema kitu.
Labda ni Kisarika aliyeshuka na jembe gizani,
akafungua maji,
akakaa kidogo.

Saa kumi ilinikuta pale. Yakaja,
machafu, yamebeba ganda la ndizi na kifuniko cha soda.
Nikavua viatu.

Natalia, mwambie mtoto achukue rula,
achore kisanduku cha pili.
Mwalimu akiuliza, aandike hivi:
jina halijulikani.
Maji yake hufika saa kumi.