Ukurasa wa Kumi na Saba

Nilikulia Barabara ya Nane, Ngamiani.
Mama akinituma chumvi Barabara ya Kumi
hakuna aliyenisimamisha njiani kuniuliza
kama ya tisa nimeimaliza.
Ukipotea ulisoma kibao, ukahesabu,
ukarudi nyuma pembe moja. Basi, umefika.

Nimekua, nimepewa kazi
ya kuchorea watu njia:
kozi ya wauguzi na wakunga,
kurasa ishirini na nne ndani ya simu.
Nami, mtoto wa Barabara ya Nane,
nikaweka kufuli.

Kitufe cha Endelea nilikipaka kijivu
mpaka video iishe, na muziki wake wa mwisho.
Kitufe cha Rudi sikukiweka;
wakubwa walisema kinachanganya watu.
Chini ya kila ukurasa: Nimemaliza.
Juu, mstari mwembamba
unaojaa kijani polepole
kama ndoo chini ya bomba la mgao.

Ofisi yetu iko Chumbageni, juu ya fundi baiskeli.
Kila Ijumaa nachapa ripoti
huku chini anagonga rimu.
Majina mia mbili na matatu.
Kijani, kijani, kijani.
Wapo waliomaliza kwa dakika kumi na moja,
sijui video walizifanyaje:
waja leo, waondoka leo,
na vyeti vyao vina muhuri.

Mmoja hakusogea.
Mwantumu Semhina, zahanati ya huko nyuma ya Pongwe,
asilimia sitini na saba,
mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Mfumo wangu ulimtumia ujumbe mara tisa:
Mpendwa mshiriki, umebaki nyuma.
Nikafungua kumbukumbu zake.
Ameingia mara arobaini na moja,
kila mara tangu mwanzo,
ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu,
kwa kuwa mlango wa nyuma sikumpa,
mpaka wa kumi na saba. Hapo anakaa. Anatoka.

Nikaazima baiskeli kwa fundi.

Simu yake ilikuwa rafuni, chumba cha kuzalia,
kioo kimepasuka, imevishwa mfuko wa nailoni
ili vidole vyenye maji visiiharibu.
"Huo ukurasa," akasema, "ni wa mtoto asiyelia.
Mkaushe, msugue mgongo, tazama kifua,
kisha barakoa, kisha hesabu pumzi.
Naufungua kila mama akikaribia."

Mbona hubonyezi Nimemaliza?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
kama amemaliza kunawa mikono.
"Si mmeniuliza? Sijamaliza."

Nikataja hesabu yangu, arobaini na moja,
nikitaka ajue nimefuatilia.
"Huo wa kumi na saba nimefika mara thelathini na tisa.
Mara mbili bando lilikatika
nikiwa wa kumi na mbili."

Akageuka, akapanga glavu
ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.
Sikuuliza kilichotokea usiku huo, wala ule mwingine.
Bado sijauliza.

Nilirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi.
Usiku ule niliondoa kufuli zote,
nikaweka Rudi, kubwa, upande wa kushoto,
nikaweka orodha ya kurasa kama vibao vya Ngamiani,
namba tu, ingia utakako.
Wa kumi na saba nikauhamishia mlangoni,
ukae ndani ya simu yenyewe, usidai bando,
ufunguke hata kwa kidole kilicholowa.
Hilo la mwisho lilinichukua siku nne.

Nimemaliza ilinishinda.
Nilijaribu Nimesoma. Nilijaribu Naweza.
Nikajaribu Nitarudi, meneja akacheka:
wafadhili watahesabu nini?
Kitufe kimebaki. Mstari umebaki.

Ijumaa hii nimechapa.
Majina mia mbili na matatu, wino wa kijani unakwisha.
Meneja amezungushia mmoja kalamu nyekundu,
sitini na saba, pale pale.
"Huyu vipi?"

Huyo, nikamwambia, anasoma.