Kamba ya Kuanikia

Nilishika kamba. Hilo liandikwe kwanza,
kabla hamjamlaumu shemeji peke yake.
Kamba ya katani, ya kuanikia nguo,
bado ina vibanio viwili.

Mjakaranda ulikuwa nyuma ya nyumba, Buruburu,
mrefu kupita paa letu na la Mama Gaceri,
na mizizi yake ilikuwa imechora ufa ukutani
kutoka mtaroni hadi karibu na vile vipande vya chupa
vilivyopandwa juu kuzuia wezi.
Usipoziba ufa, alisema Kisilu,
akaiacha methali hapo, kila mtu aimalizie kichwani mwake.

Mkata miti alikuja Alhamisi.
Nasambu, mwanamke mfupi wa viatu vizito.
Hakutazama juu kwanza. Alilizunguka shina,
akaligonga kwa mpini wa panga, akatega sikio
kama mgeni anayetaka kujua kama kuna mtu ndani.
Elfu kumi na nane, alisema,
na karatasi ya kaunti mtafute wenyewe.
Kisilu akacheka hadi akakohoa.
Kumi na nane! Kwa kukata kuni!
Mimi mtoto wa Mbooni,
nimepanda miti kabla sijajua kuvaa suruali.

Na kweli, alipanda vizuri.
Jumamosi, saa tatu asubuhi,
msumeno wa petroli tuliokodi Gikomba
kwa elfu moja na kitambulisho changu,
ngazi iliyokazwa kwa waya, ndala miguuni.
Dada yangu Mbithe akatoka na chai.
Akatazama nyaya za stima, akatazama tawi,
akanitazama mimi.
Chai ikapoa kizingitini.

Utavuta nikisema vuta.
Litaangukia pale, kwenye sukumawiki.
Akanionyesha kwa kidole, na kile kidole
kilikuwa na hakika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Msumeno ukalia. Unga wa mti ukashuka,
mtamu puani, ukatua nyweleni mwangu.
Halafu ile sauti. Haikuwa kishindo,
ilikuwa kama mtu anapasua shuka.
Sikusikia vuta.
Labda alisema. Mbithe anasema alisema.
Kamba ilikimbia viganjani, ngozi ikaenda nayo.
Tawi halikuanguka. Liligeuka,
polepole, kama mlango uliosukumwa na upepo,
likamkuta palepale alipojifunga.

Hapo sitasema zaidi.
Ngazi ililala juu ya sukumawiki.
Ukuta ukawa mawe tu,
na kuku watatu wa Mama Gaceri wakaingia kwetu bila hodi.
Stima ikapotea mtaa mzima,
na katika ule ukimya
msumeno ulinguruma peke yake majanini,
kama unaongoja kazi.

Nyonga. Mbavu nne. Miezi mitano wodini.
Bili sitaitaja; niseme tu
Mbithe aliuza friji, na bado tukaitisha harambee.

Nasambu alirudi kwa ule mti uliobaki ukining'inia.
Sasa ni thelathini na tano, alisema,
mti uliojeruhiwa hauna adabu.
Watu watano, kofia ngumu, kamba nene kama mkono wangu.
Waliushusha kipande kwa kipande,
kwa upole wa watu wanaomvua mgonjwa nguo.
Kisha akaniita shinani:
ndani mtupu, unga mweusi, mchwa.
Niliusikia siku ile nilipogonga.
Mbona hukutuambia?
Niliwaambia, akasema. Niliwaambia kumi na nane.

Siku hizi jua linaingia jikoni hadi kwenye sufuria.
Kisilu huketi mlangoni na gongo lake,
akiwafundisha wajenzi namna ya kupanga mawe.
Fundi mkuu huitikia, ndiyo mzee, ndiyo,
na kuendelea kupima kwa uzi wake.

Mbithe ameifunga tena ile kamba,
dirishani hadi kwenye nguzo mpya.
Shuka, soksi, sare za watoto.
Kuna mahali, karibu na kibanio cha pili,
katani imebaki na rangi ya kutu.
Hapo haaniki kitu.