Herufi ya Mwisho

Mwalimu Kabasinguzi alituambia tushike koo.
"Msikieni nyuki. Akinyamaza kabla neno halijaisha,
mmesema neno jingine."
Asubuhi nzima, darasa la sita, pale Bweyale,
watoto arobaini na wanane tumejikaba
kama kuku waliosikia habari za sikukuu.

Upande wa dirishani, akina Atugonza
hawakuweza kulifunga neno la Kiingereza.
Kila G, kila D walimpa kigoda,
begi, bendi, kilabu,
mgeni asije akasimama mlangoni.
Sisi Waacholi wa nyuma tulifunga kwa kishindo:
begi likawa bek, beki wa kutoa mpira nje,
na nyuki akabaki uani, anagonga.

Mimi nilikuwa na nyumba mbili kinywani.
Mama, Mnyoro wa Kigumba, aliniita Benadi,
akiliburuta jina mpaka kisimani nilikojificha.
Baba alisema Benat,
mara moja, kama anayekaza nati ya baiskeli.
Benat, spana. Benat, gundi.

Siku ya kuandikisha vitambulisho
mama alilala na malaria, baba ndiye akanitamka.
Karani alikuwa na foleni hadi barabarani.
Akaandika alichosikia: T.
Vidole hapa. Tazama kamera. Anayefuata.

Sasa cheti cha shule kina D, kadi ina T,
na benki kule Masindi inasema hao ni watu wawili
na hakuna hata mmoja anayestahili mkopo.
Nenda kwa wakili, ukale kiapo,
elfu hamsini, wiki tatu,
herufi itarudi mahali pake.

Nilikaa kwenye benchi, fomu magotini.
Baba ana mwaka na miezi minne ardhini.
Hakuacha picha inayofanana naye,
na simu iliyobeba sauti yake iliibiwa sokoni, Jumanne.
Nikashika koo, mbele ya mlinzi na watu wote,
nikajiita alivyoniita.
Nyuki akaondoka mapema, kama kawaida.
Ulimi ukagota nyuma ya meno,
nati ikakaza.

Fomu nimeikunja mara nne.
Labda kesho. Tairi za dukani hazijilipii zenyewe, najua.
Simu inalia, ni mama, anapiga kelele
kana kwamba bado niko kisimani:
Benadiii,
wamesemaje?