Jiwe la Suheli

Dada yangu Mwanate aliolewa mwezi wa Rajabu.
Hina imebaki ncha tu ya kucha,
hilali nyekundu kumi,
na wanawake wa Langoni hawamuulizi tarehe:
hushika kidole, wakapima kwa jicho,
"Wa tano huu, au wa sita?"

Nami niliporudi kutoka baharini
sikuwa na njia nyingine ya kumweleza baba
nilichokuwa nikikihesabu siku arubaini.

Nikasema: huko matlai, siku sita kwa meli,
sakafu ya bahari ina ufa.
Jiwe hupanda likiwa uji,
likaguswa na maji baridi, likashikwa na ganzi,
na punje za chuma zilizomo ndani yake
hunyooka upande mmoja
kama safu za swala baada ya ikama.
Kisha hukaza. Basi.

Uji mwingine huja, ukalipasua katikati:
nusu hushika njia ya huku kwetu, nusu ya Bara Hindi,
kwa mwendo wa ukucha.
Ukucha huu huu wa Mwanate, baba,
ila huu huota pande mbili.

Zamu yangu ilikuwa saa sita za usiku hadi saa kumi.
Tulikokota kifaa chenye umbo la samaki
mita mia tatu nyuma yetu,
maana meli ni chuma, na chuma hudakia mazungumzo.
Nambari zilishuka. Nikakoroga kahawa. Nambari zilipanda.
Zikishuka, chini yetu pana mawe yaelekeayo kama sisi.
(Karibu na ikweta hesabu husomwa kinyume;
usiniulize, nami ilinichukua wiki nzima.)
Zikipanda...

Baba akaweka kikoleo chini.
"Zikipanda?"

Ni mawe yaliyoganda
zama sindano ya dunia ilipoelekea suheli.

Yeye ni fundi saa. Ukutani mwake zipo kumi na moja
na hakuna mbili zilizoafikiana.
Lakini msingi wa msikiti ukichimbwa, huitwa yeye,
na dira yake ya shaba,
na hapa Lamu kibla na kaskazini
mtu huvitamka kwa pumzi moja.

"Kibla haigeuki."
Haigeuki, baba. Nimesema sindano.
"Misikiti mitatu nimeipimia kwa sindano hii."
Na umeipimia sawa. Mara ya mwisho ilipogeuka
ni miaka laki saba na ushei. Hapakuwa na wa kuswali.
"Na itakayokuja?"
Haina miadi.

Nikafungua leso.
Jiwe jeusi, kadiri ya kitumbua kilichoungua,
ubavu mmoja unang'aa kama chupa iliyovunjika.
"Ni iwe tu," akasema kwa Kiamu chake,
akalisukuma kwa kikoleo kuelekea dira
kama amlishaye paka asiyemwamini.

Sindano ikajongea. Unywele mmoja.

Akakitazama kikoleo. Chuma.
Akakitupa kwenye kiti, akafuta mikono,
akalirudisha jiwe mbali, akalileta tena kwa vidole vitupu.
Unywele uleule.
Akaliondoa. Akalileta.
Sindano ikawa inakwenda na kurudi
kama mtu anayeitwa na mama wawili.

Mteja aliingia kutaka betri. Akaambiwa aje kesho.

Sikujua kama amekasirika.
Alivuta droo ya saa ambazo wenyewe hawakurudi,
akatoa kikaratasi na uzi,
kama afanyavyo kwa kila kinacholetwa mezani pake,
akaandika jina langu, na la babu, kwa mwandiko wa pole.
Penye tarehe kalamu ikasimama.
Akanitazama juu ya miwani.

"Ya lini?"