Bolti Nane

Barua ilikuwa na muhuri wa Jiji
na jina langu limekosewa herufi moja:
Fundi Semboja, mchomeleaji wa Mabawa,
njoo utusaidie kuchagua.
Nilikwenda na koti langu la msibani,
maana sina jingine.

Rampu ya zamani mnaikumbuka.
Plaiwudi juu ya fito za mkaratusi,
rangi ya buluu, siku ya ufunguzi pilau na vipaza sauti.
Masika ya kwanza ikavimba kama andazi.
Ya pili ikaachana tabaka kwa tabaka,
ikawa kitabu, na msomaji wake mchwa.
Mimi ndiye niliyeipiga viraka vya bati,
mara kumi na moja,
na kila kiraka nikalipwa.
Sitaficha: ada ya shule ya Mwajabu
ilitoka kwenye kutu ya uwanja ule.
Hata siku ile Kaniki alipochanika muundi
nilifika na mashine kabla damu haijakauka,
nikaziba, nikaandika risiti.

Mezani palikuwa na bei tatu.
Mbao zilizobandikwa karatasi ngumu, zatoka ng'ambo,
kwenye picha mtoto anacheka, na bahari haipo.
Chuma chembamba, kimepakwa rangi.
Zege.
Bwana Hoza wa manunuzi akabonyeza kikokotoo:
"La kwanza ndilo rahisi."
Rahisi kwa masika mangapi? nikauliza.

Nikafungua kiroba.
Vipande vitatu, vilikaa Raskazone kwa dada yangu,
viwili vimetundikwa ukutani, kimoja chini ya dirisha,
masika moja na vuli moja, uso kwa uso na chumvi.
Cha mbao kikamong'onyoka mkononi mwa mwenyekiti.
Cha chuma kilikuwa na malengelenge; nikalipasua moja kwa ukucha,
unga mwekundu ukamwagika juu ya ajenda.
Zege lilikuwa zege.
Mbuzi wa dada alizoea kulilalia,
basi, lilinuka mbuzi.

Wakacheka. Kisha wakanyamaza,
kwa kuwa kila mmoja mle ndani alijua nani hula kwa kutu.
"Na wewe je, fundi?" akasema Mama Shekimweri.

Swali hilo sikuwa nimelitundika ukutani.

Nikasema: zege. Moja kwa mbili kwa tatu,
limwagiliwe siku ishirini na moja, msilionee maji choyo.
Mteremko kidogo, mvua ipate pa kutokea.
Na jirani zetu wa msikitini watalala adhuhuri:
bati huita mtaa mzima,
zege hunong'ona na magurudumu.
Ila ukingo wa juu hauna budi kuwa chuma,
pale skeiti husaga, pale pataliwa tu.
Bomba la inchi mbili,
lililochovywa kwenye zinki, si kupakwa.
Na msinipe kulichomelea.
Lifungwe kwa bolti nane.
Likichakaa, bila mashine, bila risiti,
bila mimi,
mtoto mwenye spana ataligeuza,
upande ambao haujaliwa uje juu.

Hoza aliandika "bolti 8", akapiga mstari chini yake
kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi.

Tanga tuna msemo: waja leo, waondoka leo.
Nimeusikia ukisemwa kwa mapenzi, kwa wageni.
Kwa vyombo vya watoto, hapana.

Nimerudi kwenye mageti na nondo za madirisha.
Mwezi huu ada imechelewa, mwalimu mkuu ameelewa kidogo.
Jumamosi nilipita pale.
Kaniki, kovu lake linang'aa kama sarafu,
alikuwa amepiga goti juu ya ukingo
akikaza bolti ya tano.
Alikuwa anazungusha kushoto.
Nilisimama, ulimi ukiniwasha.
Halafu akagundua mwenyewe.